Kufufua uani: kugeuza ua wa nyuma uliotelekezwa kuwa sehemu ya pamoja ya kazi na biashara, kwa mazingira ya Dodoma

Nyumba nyingi za kupangisha za Chang'ombe, Majengo, Makole na Chamwino zina uani usio na kazi. Upande mmoja choo, upande wa pili kifusi kilichobaki kwenye ukarabati wa zamani, katikati kamba za kuanikia nguo na dimbwi la maji ya kufulia. Fremu za barabarani zinagombaniwa, wakati nyuma ya nyumba hiyohiyo mita 100 za mraba zinaota mbigili.

Mwongozo huu ni wa ua wa namna hiyo, tuseme mita 10 kwa 12, unaotakiwa kubeba watu watano au sita wenye kazi ndogo: mama lishe, fundi cherehani, msusi, mwenye genge la mboga. Pabaki pia nafasi ya wenyeji kukaa, kufanya kikao cha vikoba na watoto kucheza. Vipimo vyote hapa chini ni vya ua huo; wako ukiwa mkubwa au mdogo, zidisha au punguza.

Wengi huanza na meza, viti na bango. Mvua ya kwanza ya Desemba ikishuka, maji yanasimama chini ya meza, wateja wanahama, na mradi unaishia hapo. Anza na karatasi, kisha maji, kisha kivuli. Biashara ije mwisho.

Karatasi kabla ya jembe

Swali la kwanza ni nani mwenye nyumba hasa. Kama ni nyumba ya urithi, saini ya ndugu mmoja aliyekaa Dodoma haitoshi. Anayeweza kufunga nawe mkataba ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ni vizuri warithi wengine nao wasaini kuwa wameujua. Ua mwingi uliokwisha kutengenezwa vizuri umerudishwa kuwa jalala kwa sababu kaka wa mwenye nyumba alitokea siku moja na akauliza, "Nani kawapa ruhusa?"

Muombe mwenye nyumba nakala ya hati. Dodoma ilipangwa kwa muda mrefu na CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017, na viwanja vyake vingi vilitolewa kwa mkataba wa miaka 33. Angalia kama karatasi aliyonayo ni ile ya zamani au ameshabadilisha. Angalia pia matumizi yaliyoandikwa: makazi tu, au makazi na biashara. Kubadili matumizi ya kiwanja kunasimamiwa na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, na kunapitia Halmashauri ya Jiji. Kazi ndogo za mikono zisizo na kelele kwa kawaida hazileti shida, lakini ukitaka kujenga banda la kudumu, pita kwanza kwa mtendaji wa mtaa, kisha ofisi ya mipango miji, uulize kibali cha ujenzi unachohitaji. Kibali kinachoombwa baada ya nguzo kusimama ni ghali kuliko kile kilichoombwa kabla.

Mkataba usiwe chini ya miaka 3. Ndani yake weka kifungu cha fidia ya matengenezo, maana hapa ndipo ugomvi huzaliwa: ua ukipendeza, mwenye nyumba anapandisha kodi au anamwingiza mtu wake. Hesabu ni nyepesi. Kama kikundi kimetumia shilingi 3,000,000 na mkataba ni wa miezi 36, kila mwezi unakula shilingi 83,333 za matengenezo hayo. Mkiondolewa baada ya miezi 12, imebaki miezi 24, na mwenye nyumba anawadai ua wake huku nyinyi mkimdai shilingi 2,000,000. Iandikwe hivyohivyo kwa tarakimu, siyo "fidia stahiki". Orodhesheni pia vitu vinavyohamishika ambavyo ni mali ya kikundi: tanki, neti, meza, nguzo zilizofungwa kwa bolti. Mkataba ushuhudiwe na mwanasheria, nakala moja ipelekwe ofisi ya mtaa.

Wapangaji waliopo nao wana haki ya ua huo. Anayefua Jumamosi atafua wapi? Mwenye mtoto mchanga atalala vipi mchana? Kaeni nao kabla, si baada. Mara nyingi wanachotaka ni kidogo: kamba ya kuanikia isiyoguswa, njia ya kwenda chooni isiyopita katikati ya wateja, na kufunga kazi saa 2 usiku.

Kusafisha, na mashimo ya zamani

Kutoa taka ni kazi ya siku mbili tatu kwa watu wanne wenye machepe, sululu na toroli mbili. Tenganisha tangu mwanzo. Chuma chakavu na chupa za plastiki vina wanunuzi wanaopita mtaani. Kifusi cha tofali na zege usikitupe, utakihitaji. Vioo, betri na sindano viokotwe kwa glavu nene na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Usichome kitu. Plastiki iliyochomwa hubaki ardhini vipandevipande, na moshi wake ndio utakaokugombanisha na majirani kabla hujawahitaji.

Kama ua ulikuwa gereji au sehemu ya kufungulia betri, udongo mweusi unaonuka oili usioteshwe mboga hata kidogo. Hapo weka sakafu au njia, na mboga zipande kwenye magunia yenye udongo kutoka kwingine.

Hatari kubwa ya ua wa zamani haionekani. Nyumba iliyokaliwa kwa miaka 40 inaweza kuwa na mashimo ya choo mawili au matatu yaliyojaa, yakafukiwa juujuu na kusahauliwa. Ukisimika nguzo au tanki juu yake, pakilowa panadidimia. Muulize mtu mzima aliyekaa hapo siku nyingi: "Shikamoo bibi, choo cha zamani kilikuwa upande gani?" Kisha thibitisha mwenyewe. Chukua nondo ya milimita 12, urefu mita 1.5, ichonge ncha, uipige ardhini kwa nyundo kila baada ya nusu mita. Ardhi nzima inagoma polepole. Penye shimo, nondo inaingia ghafla hadi nusu. Alama nyingine ni duara lililobonyea na majani yanayobaki mabichi mwezi Septemba wakati kila kitu kingine kimekauka.

Shimo ukilipata, lifungue kwa uangalifu, mtu asisimame juu ya mfuniko wake. Kama lina majitaka, ita gari la kunyonya kwanza. Kisha jaza kwa kile kifusi ulichotunza, tabaka la sentimita 20, mwagia maji, shindilia, tabaka jingine. Hata likijaa vizuri, usiweke juu yake nguzo wala tanki. Weka benchi.

Maji yanakwenda wapi

Dodoma hupata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Ni mvua chache lakini zinakuja kwa kishindo, na ardhi iliyokandamizwa haizinywi. Kwa hiyo mteremko wa ua ni jambo la lazima: sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukuta wa nyumba kwenda nje. Kwa ua wa mita 12, upande wa mwisho uwe chini kwa sentimita 24.

Usiamini macho. Tumia mpira wa maji: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, urefu mita 15, uliojazwa maji bila povu la hewa ndani. Piga kigingi kimoja ukutani na kingine mwisho wa ua. Mmoja ashike ncha hii, mwingine ile, msubiri maji yatulie, kila mmoja atie alama kwenye kigingi chake usawa wa maji. Alama hizo mbili ziko usawa mmoja. Sasa pima kutoka alama hadi chini kwa kila upande; tofauti ndiyo mteremko wako. Povu moja tu la hewa ndani ya mpira linatosha kukudanganya kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo lipigepige mpaka litoke.

Kama ua unateremkia nyumba, chimba. Kujaza udongo upande wa nyumba mpaka ufunike msingi ni kuukaribisha unyevu na mchwa ukutani.

Maji ya mvua ni habari moja, maji machafu ni nyingine, na yasikutane. Maji ya kuoshea vyombo, kusukia na kufulia kwa biashara za ua huu yatafika lita 150 hivi kwa siku. Yanahitaji shimo lake la kunyonya. Kwanza pima udongo. Chimba shimo dogo, upana sentimita 30 na kina 60, lijaze maji jioni ulale. Asubuhi mimina maji tena yafike sentimita 15, uangalie saa. Yakishuka sentimita 2.5 ndani ya nusu saa, udongo unafaa. Huo ndio udongo wa kichanga chekundu wa sehemu nyingi za mji. Yakichukua zaidi ya saa nzima, uko kwenye mfinyanzi mweusi wa mabondeni, na shimo la kunyonya litageuka kisima cha mbu. Hapo jenga chemba isiyovuja na uwe unalipia kunyonywa, au uunge kwenye bomba la majitaka kama mtaa wako unalo.

Kwenye udongo unaofaa, shimo la mita 1 kwa 1, kina mita 1.5, linatosha. Jaza mawe ya ukubwa wa ngumi mpaka usawa wa bomba, tandika gunia la nailoni juu ya mawe, fukia kwa udongo sentimita 30. Gunia linazuia udongo usishuke katikati ya mawe. Bila hilo shimo linaziba. Liwe mita 3 au zaidi kutoka ukuta wowote na mita 30 kutoka kisima.

Mashimo haya huuawa na mafuta na punje za wali. Kabla ya shimo weka mtego: pipa la plastiki la lita 60 lenye mfuniko, lililozikwa hadi shingoni. Maji yaingie juu. Ya kutoka yapite kwenye bomba la inchi 2 lenye kiwiko kinachoelekea chini ndani ya pipa, mdomo wake ukiishia sentimita 20 juu ya sakafu ya pipa. Mafuta yanaelea juu, makombo yanalala chini, maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Kila wiki mtu afungue, akombe mafuta, atoe tope. Kazi hii inanuka na hakuna atakayejitolea, kwa hiyo iandikwe jina la mtu kwa kila wiki, na mama lishe asiachiwe peke yake kwa kuwa "mafuta ni yake". Msusi naye huleta nywele, na nywele huziba haraka kuliko mafuta. Kwenye karo la msusi weka chujio la wavu.

Tanki: hesabu kabla ya kununua

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la nyuma la mita 60 za mraba, kwa mvua ya milimita 550, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, linakusanya lita 26,400 kwa msimu. Inapendeza kuisikia. Lakini ua unaotumia lita 150 kwa siku unamaliza tanki la lita 5,000 kwa siku 33, na kiangazi hapa ni miezi saba. Kuvuka Mei hadi Novemba kwa maji ya paa peke yake ungehitaji kuhifadhi lita 31,500. Kwa ua wa kupanga haina maana. Nunua tanki moja la 5,000: masika linajazwa na paa, kiangazi linajazwa na bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, siku ya mgao wenu. Fedha ya tanki la pili ipeleke kwenye kivuli.

Tanki hilo likijaa lina uzito wa zaidi ya tani 5. Msingi wake uwe mpana kuliko tanki kwa sentimita 15 kila upande, sakafu ya zege ya sentimita 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa, na usawa usiocheza. Tanki likiinama upande, plastiki huchanika chini. Gata ziteremke sentimita 1 kwa mita, na vishikizo kila baada ya sentimita 60. Mvua ya kwanza inaosha vumbi la miezi saba na vinyesi vya ndege, kwa hiyo ipitie kwanza kwenye pipa la lita 60 lenye koki chini, likijaa ndipo maji yaende tankini. Baadhi hutumia bomba la inchi 4 lililosimama badala ya pipa. Bomba hilo linabeba lita 8 tu kwa kila mita ya urefu, halitoshi.

Kivuli kinachostahimili upepo

Hapa usibane fedha. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa mashariki na kusini mashariki hupiga Dodoma karibu kila siku, ukibeba vumbi jekundu. Banda la mtu wa Dar es Salaam halikai huku.

Chukua banda la mita 6 kwa 4, nguzo sita za chuma cha mraba. Mbao nazo zinawezekana, ila mchwa wa hapa hawasubiri. Ukitumia mbao, isiguse ardhi. Simika kiatu cha chuma ndani ya zege, mbao ikae sentimita 10 juu ya ardhi na ifungwe kwa bolti mbili. Oili chafu iliyozoeleka kupakwa nguzo husaidia kwa muda, lakini usiimwage karibu na bustani wala jiko.

Mashimo ya nguzo: sentimita 35 kwa 35, kina 70. Mashimo sita yanameza nusu mita ya ujazo ya zege. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6, mfuko mmoja wa saruji unakwenda na ndoo 5 za mchanga na ndoo 10 za kokoto, ndoo ya lita 20. Mifuko mitatu inatosha na inabaki kidogo. Fundi akikuambia sita, muulize mashimo yana kina gani.

Kosa linalojirudia mjini hapa ni zege kukauka kabla halijakomaa. Hewa kavu na upepo vinanyonya maji yake kwa saa chache, nalo linabaki linamomonyoka kwa kucha. Mimina jioni, funika kwa magunia yaliyolowa, mwagia asubuhi na jioni kwa siku 7. Usipandishe bati kabla ya siku hizo kwisha.

Upande wa chini wa paa uwe mita 2.7 kutoka ardhini. Bati likishuka chini ya hapo, saa 8 mchana hakuna atakayekaa. Upande wa juu uzidi kwa sentimita 70, na mteremko uelekee kwenye gata ya tanki. Upepo hulinyanyua bati kutoka chini kuliko unavyolisukuma kutoka juu, kwa hiyo kwenye pembe na kingo piga msumari wa bati kila wimbi la pili, katikati kila wimbi la tatu, na kila mbao ya paa ifungwe kwenye nguzo kwa utepe wa chuma, siyo msumari peke yake.

Upande wa mashariki weka kizuizi cha mita 1.5: tofali zenye matundu au neti ya kivuli iliyokazwa kwenye fremu. Ukuta mzima usio na tundu unaonekana bora, kumbe upepo unauruka na kudondoka upande wa pili kwa kimbunga kidogo, ukimwaga vumbi palepale kwenye sufuria. Kinachopitisha nusu ya upepo ndicho kinachotuliza.

Nje ya banda, kivuli cha bure ni mti. Mwarobaini unakua haraka na mbuzi hawaupendi sana. Uupande mita 5 kutoka ukuta na mashimo ya majitaka. Ila kwa Dodoma kuna kitu kizuri zaidi, nacho ni mzabibu uliopandishwa juu ya kichanja. Tafuta vipando vya urefu wa sentimita 30 vyenye macho 3 au 4 kwa mkulima wa Hombolo au Mpunguzi. Makutupora nyekundu imezoea hali ya hapa. Panda mwanzo wa mvua, mita 2 hadi 2.5 kati ya mche na mche, shimo la nusu mita lenye debe la samadi iliyooza. Acha shina moja tu lipande hadi juu ya kichanja, machipukizi mengine yote yatoe. Kivuli cha maana kitapatikana msimu wa pili. Mzabibu wa hapa haulali kwa baridi kama wa Ulaya, hivyo unapogolewa mara mbili kwa mwaka, na kila ukipogolewa kivuli kinapotea kwa wiki kadhaa. Pogoa nusu ya kichanja kwanza, nusu nyingine ifuate. Wakulima hunyunyiza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mizabibu. Juu ya sehemu ya kulia chakula usifanye hivyo wakati wa kazi, fanya Jumapili jioni vyombo vyote vikiwa vimeingizwa ndani.

Sakafu na mgawanyo wa nafasi

Zege ua mzima ni joto na ni fedha. Tandika changarawe kwenye njia na sehemu ya kukaa, mita 80 za mraba kwa unene wa sentimita 7.5, yaani mita 6 za ujazo. Agiza 7, maana ikishindiliwa inashuka. Usinunue kwa "tripu": panda nyuma ya gari, pima urefu, upana na kimo cha mzigo kwa futikamba mwenyewe. Zege iwe chini ya jiko na karo tu.

Jiko liwe upande ambako upepo unatoka nje ya ua, ili moshi usipite juu ya meza za wengine. Likae mita 3 kutoka neti. Neti ya plastiki inashika moto kwa cheche moja ya mkaa. Mtungi wa gesi usimame nje ya banda, wima. Fundi cherehani akae mbali na jiko kwa sababu ya nguo za watu, na karibu na mlango kwa sababu wateja wake huja na kuondoka haraka. Useremala na uchomeleaji usiukubali kabisa, hata kama anayeomba analipa mara mbili. Vumbi la mbao na mboga za genge havikai ua mmoja, na mashine ya kuchomelea itakula umeme wa wote.

Njia kutoka barabarani iwe na upana wa mita 1.2 na isiwe na kizingiti, ili baiskeli ya magurudumu matatu, mkokoteni na kiti cha mtu mwenye ulemavu vipite. Ua wa nyuma hauonekani. Mteja anahitaji kuuona mwanga mwisho wa ujia. Paka ukuta wa ujia chokaa nyeupe, weka taa moja. Kibao cha barabarani kisaidie, lakini ujia wenye giza unafukuza hata aliyesoma kibao.

Mboga za magunia ziwe upande wa jua la asubuhi. Samadi ya ng'ombe mbichi ina chumvi na mbegu za magugu, iachwe ioze miezi mitatu. Maji ya sabuni yasimwagiwe mchicha kila siku. Maji ya visima vingi vya hapa yenyewe tayari yana chumvi, na mkijumlisha sabuni udongo unafanya ukoko mweupe juu. Ukiuona, mwagia maji ya mvua kwa wingi au ubadili udongo wa gunia.

Umeme na hesabu

Usivute waya wa ekstensheni kutoka dirishani. Fundi mwenye leseni atoe laini ya pekee kutoka kwenye breka, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, ndani ya bomba lililozikwa sentimita 50, na breka ya kinga ya miliampea 30 inayokata mtu akiguswa na umeme. Uani kuna maji kila mahali. Breka hiyo si anasa.

Biashara iwe na mita ndogo yake nyuma ya LUKU ya nyumba, au LUKU yake kabisa. Nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ikibebeshwa drayer ya nywele na friji inapita kiwango hicho na kupoteza bei ya nafuu. Wapangaji wataiona tofauti kabla yenu, na kikao cha siku hiyo hakitakuwa kizuri. Kumbukeni pia kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Mkataba useme nani anaibeba.

Kila mwenye meza alipe kodi ya wiki, si ya mwezi. Fedha ya biashara ndogo haikai mwezi mzima. Tengeni sehemu ya tano ya makusanyo kwa matengenezo, iingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kutoa. Kikundi kisajiliwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikiwa na katiba na muhtasari wa vikao. Bila usajili huo hamgusi mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama lishe na wasaidizi wake wapime afya kila miezi 6 na kadi zikae ukutani. Afisa afya akija, ua mzima unapimwa kwa kadi hizo.

Kalenda ya kazi

Karatasi na kikao Mei, mvua zikiwa zimekwisha. Kusafisha, kupima na kuchimba Juni na Julai, ardhi ikiwa ngumu lakini mashimo hayaporomoki. Nguzo na banda Agosti, mkiwa makini na upepo: bati lisiachwe juu usiku likiwa limepigwa misumari nusu. Umeme, tanki na changarawe Septemba na Oktoba. Novemba mwanzoni msafishe gata, mfungue koki ya pipa la kwanza na mmwage ndoo 10 za maji upande wa juu wa ua, muone yanapita wapi. Panaposimama kwa zaidi ya dakika 10, parekebishwe kwa chepe siku hiyohiyo. Mizabibu na mwarobaini ipandwe Desemba baada ya mvua ya pili, maana ya kwanza mara nyingi hufuatiwa na wiki kavu zinazoua miche.